Chuo Kikuu Kilinifuata Gerejini

Mwaka wangu wa pili hapa South Dakota, Marekani, bosi alinituma kwenye darasa la siku moja la kutunza barabara za changarawe. Nilitarajia ukumbi na projekta. Kumbe darasa lenyewe lilikuwa ndani ya gereji ya magreda: viti vya plastiki, sakafu ya saruji, harufu ya dizeli. Mwalimu alikuwa mzee mstaafu aliyeendesha greda karibu maisha yake yote, ametumwa na chuo kikuu. Akamwaga ndoo ya changarawe juu ya meza, akaisawazisha kwa kipande cha ubao, akaimwagia maji kwa kikombe. Maji yakatuama. Akaipandisha mgongo katikati, akamwagia tena, na safari hii maji yakateremka pembeni hadi yakatulowesha viatu. "Asilimia nne," akasema. Yaani kwa kila mita moja kutoka ukingoni kwenda katikati, barabara ipande sentimita 4. Ikizidi sana, madereva wote wataendesha katikati kwa kuogopa kuteleza. Ikipungua, mashimo.

Nyumbani Kenya nilikula vumbi la murram miaka sita kabla ya kuhama, na hizo sentimita 4 hakuna aliyewahi kunitajia. Tulipima kwa jicho. Mvua ikinyesha tunarudi kufukia mashimo yale yale, na foromani analaumu mvua.

Sasa msianze kuniambia kwamba wasomi wetu hawajui haya. Wanajua sana. Wahandisi wanaandika tasnifu kila mwaka, nyingine kuhusu udongo uleule tuliokuwa tukiukwangua. Niliwahi kwenda chuo kimoja kutafuta mojawapo, nikiwa na buti zangu za kazi, na mlinzi akaniuliza kitambulisho cha mwanafunzi. Sikuwa nacho. Habari ikaishia getini.

Hapa tofauti si upendo wa maprofesa kwa watu wa greda. Tofauti ni kwamba kuna mtu analipwa kuileta elimu chini. Tangu 1982 serikali kuu ya Marekani inafadhili mpango wa kufundisha watu wa barabara za mashinani, unaojulikana leo kama LTAP, na kila jimbo lina kituo chake. Cha kwetu kiko South Dakota State University, mjini Brookings. Ndicho kilichotoa mwongozo wa barabara za changarawe mwaka 2000, picha tele na maneno machache, na yeyote anaupakua bure mtandaoni. Nakala yangu inakaa chini ya kiti cha greda, imejaa grisi. Halafu kuna sheria ya 1987 iliyozaa vituo vya utafiti wa usafiri katika vyuo vikuu. Siku hizi anayepewa fedha hizo anatakiwa kuwa na mpango unaoonyesha matokeo yatawafikiaje watakaoyatumia. Imo ndani ya mkataba. Asiyekuwa na hisani naye analazimika.

Lakini siichori Marekani kama peponi. Kila Januari watafiti wa usafiri hukutana Washington, watu zaidi ya 10,000, na sehemu kubwa ya siku zile ni msomi kumsomea msomi mwenzake. Semina za mtandaoni ni nyingi mno, na ninaowaona humo ni wale wale waliokwisha kuelewa. Raia wa kawaida anayesubiri basi hapa hajui kama chuo cha jirani kimeichunguza njia yake.

Na hapo ndipo nyumbani tuliwahi kuwashinda. Mnaikumbuka stika ya Zusha? Mwaka 2008 watafiti wa Georgetown, chuo kikuu cha Marekani, walianza kubandika stika ndani ya matatu za safari ndefu, zikimwambia abiria asikae kimya dereva anapokimbiza gari. Katika jaribio lile la kwanza, madai ya bima kwa magari yaliyobandikwa yalipungua kwa nusu au zaidi. Utafiti ulikaa mbele ya macho ya abiria, kwa lugha yake, na akapewa kazi ya kufanya! Kisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na vyuo vya Marekani vya MIT na Columbia na kampuni moja ya teknolojia, wakapanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakarekodi njia na vituo, na mwaka 2014 wakatoa ramani ya njia zaidi ya 130 pamoja na data yake bure. Kondakta angeweza kuinyooshea kidole akaikosoa. Nionyesheni ripoti ya usafiri ya hapa ambayo kondakta anaweza kuikosoa.

Kinachoniudhi ni kwamba yote mawili yalihitaji mshirika kutoka ng'ambo. Bajeti ya mradi ikiisha, stika inachanika na njia za matatu zinabadilika bila mtu wa kurudi kuzipima. Tungeanza na kidogo tu: kila pesa ya utafiti wa barabara itengewe fungu la kumlipa mtu mmoja mwenye ndoo na ubao, azunguke kwenye kambi za ujenzi. Awe aliyewahi kushika usukani wa greda, maana vijana wa kazi wanamtambua mtu kwa viganja.

Mwezi uliopita nilimtumia rafiki yangu niliyekuwa naye kazini ule mwongozo. Akajibu usiku huohuo: "Kaka, picha nimezielewa. Ya Kiswahili ipo?" Nikamwambia haipo. Tangu hapo kila jioni namtumia ukurasa mmoja kwa ujumbe wa sauti. Jana tulifika kwenye mitaro, akanirudisha nyuma mara tatu, akisema kwao mtaro unachimbwa halafu unafukiwa na wenye mashamba, na mwongozo haukusema lolote kuhusu hilo.