Fahali aandikwe kwa ndama wake waliopona

Baba aliuza ng'ombe wawili wa Ankole ili anunue mtamba mmoja chotara wa Friesian. Siku aliposhushwa kwenye lori pale kwetu Karagwe, majirani walikuja kumtazama kama wanavyokwenda kumtazama bibi harusi. Mwezi haukuisha. Tezi ya chini ya sikio ilivimba, homa ikapanda, akaacha majani. Mwishoni alikuwa anahema kwa shida huku povu likimtoka puani. Bwana mifugo alimpapasa shingoni, kisha akamgeukia baba: "Pole, mzee wangu. Hii ni ndigana kali, na tumechelewa."

Katika zizi lilelile, lenye kupe walewale, kulikuwa na ndama wa Ankole. Naye alivimba tezi. Alijikunyata siku kadhaa, halafu akarudi kunyonya.

"Wa kienyeji ni wagumu," walisema watu, na mazungumzo yakaishia hapo. Neno hilo "wagumu" linanikera mpaka leo, kwa sababu linamfanya mtu adhani siri iko kwenye ngozi, au kwenye kuzoea shida tu. Sehemu kubwa ya siri imo ndani ya damu, katika jeni ambazo ndama hurithi kwa mama na baba yake.

Kimelea cha ndigana kali, Theileria parva, huletwa na kupe wa kahawia anayependa masikio. Huingia ndani ya chembe nyeupe za damu, zilezile zinazotegemewa kuulinda mwili. Kikishaingia, huilazimisha chembe igawanyike bila kukoma, na kila inapogawanyika nacho hujishikiza kwenye nyuzi zinazoitenganisha, hivyo chembe zote mbili zinazaliwa zikiwa nacho. Ni mwenendo wa saratani kabisa, ila kimelea kikiuawa kwa dawa mapema, chembe zinatulia.

Mwili hujitetea kwa ukaguzi. Chembe iliyovamiwa hukata vipande vya protini za mvamizi na kuviweka nje, juu ya vishikio ambavyo wataalamu huviita MHC. Askari wa kinga, chembe T, hupita wakikagua. Wakiona kipande kigeni juu ya kishikio, wanaiua chembe yote pamoja na mgeni wake. Utaratibu huu uligunduliwa kwa panya huko Canberra katika miaka ya 1970 na Rolf Zinkernagel pamoja na Peter Doherty, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Doherty alisomea udaktari wa mifugo. Huwa nawaambia hivyo vijana wanaoona aibu kusomea mifugo.

Sasa, jeni zinazounda vishikio hivyo hutofautiana mno baina ya mnyama na mnyama. Kishikio cha ng'ombe huyu hukamata kipande ambacho cha mwenzake hukiacha kipite. Kwa hiyo ng'ombe wawili wakiumwa na kupe walewale, kinga zao zinaweza kushambulia sehemu tofauti za kimelea kilekile, na aliyepona aina moja ya kimelea anaweza kuangushwa na nyingine. Ndiyo maana chanjo ya ndigana kali iliyobuniwa Muguga, Kenya, inachanganya aina tatu za kimelea hai, na mnyama huchomwa pamoja na oksitetrasaiklini, dawa ya kukaa muda mrefu mwilini inayokizuia kimelea hicho kisimwangushe. Wafugaji wengi wa Kimasai Tanzania wameitumia, na ndama wao wanaishi.

Najua ndama mmoja wa zizi la baba hathibitishi kitu. Lakini mwaka 2022 watafiti, wakiwemo wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, walichapisha matokeo kuhusu uzao wa fahali mmoja wa Boran, ng'ombe wa kienyeji wa Afrika Mashariki. Ndama waliorithi nakala mbili za kipande fulani cha vinasaba, chenye jeni iitwayo FAF1B, walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi wakiambukizwa ndigana kali. Fahali mmoja! Je, ni mafahali wangapi wa aina hiyo tumewahasi au kuwapeleka machinjioni, kwa kuwa tu walikuwa wadogo wa umbo na binti zao hawajazi ndoo?

Sipingi chotara. Maziwa ndiyo yaliyonilipia ada. Ninachopinga ni uhimilishaji unaochagua mbegu kwa lita peke yake, kana kwamba ng'ombe atakamuliwa mahali pasipo na kupe. Nyati huishi na kimelea hiki bila kuugua, baada ya kuzoeana nacho kwa vizazi visivyohesabika. Ng'ombe wetu nao wamelipia kinga yao kwa vifo vingi, na sisi tunaitupa kwa msimu mmoja wa kupandisha.

Ninachoomba ni kidogo. Bwana mifugo akija josho, mbali na kuhesabu vichwa, aandike ndama yupi aliugua ndigana, yupi alipona bila dawa, na baba yake ni nani. Safu hiyo ya baba ndiyo inayokosekana kwenye madaftari yote niliyoyaona.

Kwetu nimeianza. Hadi sasa ina majina ya mafahali wanne, na mmoja wao jirani alikuwa ameshapanga kumuuza mnadani. Tumekubaliana amwache kwanza.