Mnunuzi hakutazama vigae

Nyumba yetu hapa Leicester ni ya matofali mekundu, ya enzi za Malkia Victoria, imebanana na za majirani kushoto na kulia. Tulipotaka kubomoa ukuta kati ya jiko na chumba cha kulia, swali la kwanza la fundi halikuhusu rangi wala kabati. Aliuliza kama tumetoa taarifa halmashauri. Akaja mkaguzi, akapanda ngazi, akamulika tochi pale boriti ya chuma ilipokalia ukuta, akaigongagonga kwa kidole. Kazi ilipokwisha tukapewa cheti. Mume wangu alikiweka kwenye faili pamoja na cha umeme, cha madirisha, na kile cha matumizi ya nishati chenye madaraja A hadi G, ambacho hapa huwezi kutangaza nyumba kuwa inauzwa bila kuwa umekiagiza.

Jirani yetu alijenga chumba darini, kizuri hasa. Alipoamua kuuza, dalali alikataa kukitangaza kama chumba cha kulala kwa sababu hakikuwahi kukaguliwa.

Wakati huohuo, Tandika, Dar es Salaam, sisi ndugu tulikuwa tunachanga kuikarabati nyumba aliyotuachia baba. Ni nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, uani kwa nyuma. Mimi nilitoa fedha za bati na geti, wengine vigae, dari ya jipsam na madirisha ya alumini. Kaka aliponitumia picha nililia kwa furaha. Tulikubaliana iuzwe, kila mmoja apate chake kabla hatujaanza kununiana.

Akaja mnunuzi, mzee mfanyabiashara wa Kariakoo. Alipita ukumbini bila kuinua macho kutazama dari, akaketi, akaomba karatasi. Kaka akamletea ukurasa wa daftari uliokunjwa mara nne: mauziano ya 1986, sahihi ya balozi wa nyumba kumi, dole gumba la muuzaji. Na leseni ya makazi iliyokwisha muda. Vyote kwa jina la baba, ambaye ni marehemu, na mirathi hatukuwa tumefungua. Yule mzee akazisoma zote, akazirudisha kwa mikono miwili. "Mwanangu, nyumba ni nzuri. Lakini nanunua kwa nani?"

Sikulala siku hiyo. Fedha tulizomwaga kwenye vigae zingetosha kupima kiwanja na kufuatilia hati, na chenji ingebaki. Ndiyo maana nawasihi ndugu zangu mnaotuma fedha nyumbani kila mwezi: anzeni na karatasi. Kaeni kikao cha familia, nendeni Mahakama ya Mwanzo ateuliwe msimamizi wa mirathi, kisha aje mpimaji. Hati ya miaka 33, 66 au 99 ndiyo benki inayoielewa. Jipsam haiwekwi rehani. Na kama nyumba ni ya mke na mume, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu uiuze bila ridhaa ya mwenzako, basi ridhaa hiyo nayo iandikwe.

Najua jibu mtakalonipa: nyumba ya urithi haiuzwi. Sawa, msiuze. Lakini analouliza mnunuzi leo, kesho ataliuliza hakimu siku watoto wenu watakapogombana, na mthamini wa fidia siku barabara itakapopanuliwa.

Si kila cha huku nakitaka, lakini. Hapa watu hupaka kuta nyeupe miaka mitano kabla ya kuhama, kwa ajili ya mgeni wasiyemjua. Nyumba yako, unaishi kama mpangaji wa mtu ambaye hajazaliwa moyoni mwako! Tandika fundi alishauri tuvunje baraza la mbele gari liingie, bei ipande. Nilikataa. Baba alikaa pale kila alasiri akicheza bao na wenzake, na mashimo aliyoyachonga kwenye saruji bado yapo.

Kaka ameshateuliwa msimamizi. Juzi mpimaji amepanda bikoni nne, zile alama za mipaka ya kiwanja, na kaka kanitumia picha ya ile ya mbele. Iko shubiri moja kutoka kwenye baraza, kwa upande wa nje.