Nani anakusubiri uandike?

Waandishi chipukizi wa Moshi na Arusha wana kilio kimoja: hamasa hakuna. Dawa inayotajwa kwanza ni fedha, na si ya kubezwa. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa 2023, imekuwa ikimpa mshindi wa juu shilingi milioni 10. Anayelipa kodi ya chumba Sakina, mtaa wa Arusha, anajua uzito wake. Ila wanaoipata ni wachache, na wengine wote hakuna anayewauliza mswada umefika wapi.

Tazama sasa wasifu wa marehemu. Uchagani msiba ukitokea, ukoo humtafuta yule mpwa “anayejua kuandika”. Halipwi, na usingizi hana. Usiku huohuo anampigia shangazi kuuliza mwaka wa ndoa, anamuuliza baba mdogo marehemu alibatizwa usharika gani, na siku ya mazishi wasifu unasomwa mbele ya umati. Wakati huohuo riwaya yake mwenyewe imekwama sura ya tatu tangu mwaka juzi! Uvivu hauelezi jambo hili. Wasifu una watu wanaousubiri, anawajua kwa majina, na tarehe imeshapangwa.

Hapo wanaosema “jiandikie mwenyewe”, usimngoje msomaji, wana jibu zito. Anayekusubiri pia anakuzuia mkono. Wasifu hautaji nyumba ndogo, wala kesi ya kihamba, yaani shamba la ukoo, iliyowagawa ndugu, ingawa nusu ya waliosimama kaburini wanaijua vizuri kuliko anayeusoma. Mpwa ameandika haraka kwa sababu alishajua cha kuacha.

Mwalimu Nathaniel Mtui wa Marangu, aliyefariki 1927, anatia ugumu pande zote mbili. Aliandika madaftari ya historia ya Wachagga, na waliomtegemea walikuwa wageni: mmisionari Bruno Gutmann na afisa wa kikoloni Charles Dundas. Bila kuulizwa, pengine mengi aliyoyajua yangekwenda naye. Lakini vitabu vilivyofaidika na kazi yake vilitoka kwa majina yao, na leo wangapi Moshi mjini wanalijua jina lake?

Mimi naegemea upande wa kusubiriwa, kwa sharti moja: anayesubiri asiwe na cha kupoteza katika ukweli wako. Upweke hulinda ukweli, nakubali, lakini nimeona miswada mingi mno ikizeekea humo. Mpwa wetu amtafute mtu wa Arusha asiye wa ukoo, amwahidi sura ya nne kwa tarehe inayojulikana. Shangazi ataisoma ikishachapwa, na simu atapiga mwenyewe.