Bethel Haina wa Kuichangia

Machi 2025 Sauti ya Amerika iliponyamazishwa, sisi wasikilizaji wa Kiswahili tulilalamika, na tulikuwa na haki. Miezi minne baadaye Marekani ikavikatia ruzuku vituo vyake vya umma vya nyumbani, na huku kwetu jambo hilo likapita kama habari ya bajeti tu. Kwa maoni yangu hili la pili lina madhara mapana zaidi kwa Wamarekani wenyewe. Na kuna utetezi mmoja unaonikera mpaka leo: eti watazamaji watachanga.

Tangu 1967, Lyndon Johnson aliposaini sheria ya utangazaji wa umma, fedha za serikali kuu zilipitia CPB, Shirika la Utangazaji wa Umma, lisilo na studio wala watangazaji. Lilipokea fungu kutoka bungeni, miaka ya karibuni dola milioni 535 kwa mwaka, na sehemu kubwa ikagawiwa moja kwa moja kwa vituo zaidi ya 1,500 vya redio na televisheni nchi nzima. Ukigawanya kwa idadi ya watu, ni kama dola moja na senti sitini kwa kichwa. Julai 24, 2025, Rais Trump alisaini sheria ya kulifuta fungu la miaka miwili, dola bilioni 1.1. Kwenye Seneti ilikuwa imepita kwa kura 51 kwa 48. Wiki iliyofuata CPB ikatangaza kufunga shughuli, na Januari 2026 bodi yake ikaamua kulivunja shirika lenyewe.

Waliopigania kukatwa kwa fedha hizo walisema NPR, mtandao wa redio za umma, na PBS, wa televisheni za umma, zimeegemea mrengo wa kushoto. Sitabisha sana, ukiisikiliza NPR asubuhi unaweza kukisia watangazaji wake wanaishi mitaa ya namna gani. Lakini NPR ilikuwa ikipata moja kwa moja kutoka serikali kuu kama asilimia moja tu ya bajeti yake. Aliyeshtakiwa akaponea na mikwaruzo, aliyekuwa amesimama pembeni akavunjwa mbavu.

Huyo wa pembeni ni kama KYUK, kituo cha mji wa Bethel, magharibi mwa Alaska. Bethel ina watu elfu sita hivi, na vijiji vinavyoizunguka havina barabara ya kuviunganisha na sehemu nyingine za nchi: ni ndege ndogo, mashua, au mto ukiganda. KYUK hutangaza kwa Kiingereza na kwa Kiyup'ik, lugha ya wenyeji, na takriban asilimia 70 ya bajeti yake ilitoka CPB. Oktoba 2025, mabaki ya kimbunga Halong yalipovipiga vijiji vya Kipnuk na Kwigillingok, nyumba zikang'olewa na maji na mamia ya watu wakabebwa kwa ndege hadi Anchorage, kituo hicho ndicho kilichokuwa kikiwapa watu habari kwa lugha yao, na kilikuwa tayari kimepungukiwa fedha. Intaneti isiposhika, redio ndiyo inayobaki.

Sasa niambie, nani aichangie Bethel? Sisi watu wa michango tunalijua hili vizuri kuliko Wamarekani. Kamati ya harusi ya familia yenye jamaa serikalini na benki hujaza bahasha kwa vikao vichache. Ya mtoto wa mkulima hukutana mpaka wiki ya harusi na bado deni la ukumbi linabaki. Na hakuna anayesema mkulima hapendi mwanawe.

Baada ya makato, Wamarekani wengi walijitokeza kuchangia, wakiwemo ambao hawakuwahi kutoa hata senti, na nawapongeza. Lakini fedha hufuata makazi ya wenye fedha. San Francisco na Boston zina wachangiaji wa miongo mingi, na hata huko vituo vyao vya umma, KQED na GBH, vimepunguza wafanyakazi. Taasisi kubwa za hisani ziliahidi takriban dola milioni 37 kuokoa vituo vilivyo hatarini zaidi. Zipime na zile milioni 535 za kila mwaka.

Tena mengine hayanunuliki kwa michango ya kituo kimoja kimoja. CPB ndiyo iliyojadiliana na wenye hakimiliki za muziki kwa niaba ya vituo vyote. Bethel itakaa na nani mezani ikiwa peke yake?

Wengine wanasema majimbo yashike nafasi hiyo. Alaska yenyewe iliacha kuzifadhili redio za umma tangu 2019, gavana Mike Dunleavy alipozifyeka kwenye bajeti. New Jersey nayo ilipunguza fungu lake, na Septemba 2025 WNET, kituo cha umma cha New York kilichokuwa kikiiendesha NJ PBS, televisheni ya umma ya New Jersey, ikatangaza kwamba haitaendelea baada ya mkataba kuisha Juni 2026. Hilo ni jimbo lenye watu zaidi ya milioni tisa, lililobanwa kati ya New York na Philadelphia, ambalo habari zake husomwa na vituo vya majirani. Tume ya televisheni ya umma ya Arkansas, Desemba 2025, ilipiga kura kujitoa PBS kwa sababu ada ya uanachama, kama dola milioni 2.5 kwa mwaka, haikulipika tena.

Najua wasomaji wangu walioko Minnesota, Ohio na Texas wana watoto wanaojifunza kuhesabu kwa vipindi vya PBS, bure, kwa antena ya kawaida. Kama mnakusudia kuchanga, msianze na kituo cha mji mkubwa mnamoishi. Tafuteni kilichoko mashambani, hata cha jimbo jingine. Vingi hupokea michango mtandaoni. Na mwenye kura huko amuulize mbunge wake ile dola moja na senti sitini imekwenda kufanya kazi gani bora zaidi.