Aliyeshindwa Aambiwe Kwa Nini

Kila mashindano ya usanifu wa kihandisi yakiisha, minong'ono huwa ileile. Walioshinda husema majaji walikuwa makini. Walioshindwa husema majaji walipumbazwa na rangi na maneno matamu. Mwaka unaofuata waandaaji huja na fomu mpya ya alama, yenye vigezo kumi na viwili badala ya vinane, na minong'ono hurudi palepale. Nimekaa upande wa majaji mara kadhaa, nikazunguka na fomu hizo mkononi kutoka meza hadi meza, na nimefika mahali pa kuamini kwamba tunakarabati sehemu isiyo mbovu.

Tuanze na wanaotaka kipimo kitawale. Hoja yao ni rahisi kuieleza na ngumu kuipinga: mashine ibebe mzigo, ikimbie, isivunjike, kisha saa na mizani ziseme nani ameshinda. Ushahidi wanao. Mwaka 1959 Henry Kremer, mwenye viwanda nchini Uingereza, aliweka zawadi kwa ndege itakayoruka kwa nguvu za misuli ya binadamu peke yake. Sharti lilikuwa kuzunguka nguzo mbili zilizoachana nusu maili, kwa njia yenye umbo la nane, na kupita kwenye kimo cha futi kumi mwanzoni na mwishoni. Hapakuwa na alama za ubunifu wala za wasilisho. Zawadi ilikaa miaka 18 bila mwenyewe, mpaka mhandisi Mmarekani Paul MacCready alipoichukua mwaka 1977 kwa Gossamer Condor, chombo ambacho nadhani jopo lolote la wataalamu lingekicheka kwenye karatasi: mabomba membamba ya alumini, plastiki nyepesi, waya. Siri yake ilikuwa kwamba kikianguka kinatengenezwa upesi, hivyo timu iliweza kukosea, kurekebisha na kurudi angani mara nyingi. Wewe ungekipa alama ngapi kwenye kigezo cha "ubora wa utengenezaji"?

Lakini kipimo kina ugonjwa wake: hupima kile tu kilichoambiwa kipime. Mwaka 2006 kampuni ya Netflix ilitangaza dola milioni moja kwa atakayeboresha kwa asilimia 10 programu yake ya kukisia filamu atakazozipenda mteja. Mwaka 2009 timu mbili zilifungana, na mshindi akapatikana kwa sababu aliwasilisha kazi yake dakika kama 20 kabla ya mwenzake. Namba zilikuwa safi, hakuna aliyependelewa. Baadaye kampuni yenyewe ikaeleza kwamba mfumo kamili ulioshinda haikuutia kazini, kwa kuwa faida iliyoongezeka haikulingana na jasho la kuuingiza kwenye mitambo yake. Ugumu wa kuujenga na kuutunza haukuwamo kwenye kipimo. Huwezi kuwalaumu washiriki. Walijibu swali waliloulizwa.

Ndiyo maana kambi ya pili inataka jicho la mtu. Usanifu, wanasema, ni mlolongo wa maamuzi: kwa nini chuma hiki na si kile, kwa nini mota mbili na si moja, kipi kilijaribiwa kikaachwa. Saa haiwezi kuuliza hayo. Timu inaweza kushinda mbio kwa gari lenye vipuri vya kununua, halafu isijue kueleza kwa nini breki zake zina ukubwa ule. Formula SAE, mashindano ya vyuo vikuu ya kuunda gari dogo la mbio, yamejaribu kuziridhisha kambi zote mbili. Katika alama 1,000 za kanuni zake, 325 hutolewa gari likiwa limesimama, 150 kati ya hizo zikiwa za usanifu, na 675 hupatikana uwanjani, 275 zikiwa za mbio za ustahimilivu pekee. Nauona mgawanyo huu una busara kuliko mingi niliyokutana nayo, hasa kwa sababu jaji wa usanifu hulihoji gari huku gari lenyewe liko mbele yake.

Ila jicho nalo lina tamaa zake. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini ndani ya ukumbi wa maonyesho vyote viwili vinajitembeza, na kinachotembea kwa madaha zaidi ndicho huchukuliwa kuwa chema. Niliwahi kuipa alama za juu mashine iliyong'aa, yenye mabango mazuri na msemaji hodari, nikawa njiani kurudi nyumbani ndipo ikanijia kwamba hakuna aliyeiwasha mbele yetu. Tulikuwa majaji wanne. Hakuna aliyeuliza.

Na ukishaamua kutumia macho, hesabu inakusubiri mlangoni. Chukua majaji watatu na timu mbili. Jaji wa kwanza anaipa Timu A alama 8 na Timu B alama 7. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu anaipa A alama 4 na B alama 9. Jumlisha: A ina 20, B ina 23. Majaji wawili kati ya watatu wameona A ni bora, na B ndiyo inayopanda jukwaani. Jaji anayetumia ngazi yote ya alama, kuanzia 1 hadi 10, ana kura nzito kuliko mwenzake mwoga anayezunguka kati ya 6 na 8, na hakuna aliyempa mamlaka hayo. Dawa zinajulikana. Tumia nafasi, yaani wa kwanza, wa pili, wa tatu, badala ya alama ghafi. Au sawazisha alama za kila jaji kwa wastani na mtawanyiko wake, yaani alama zake zipimwe kwa kawaida yake mwenyewe. Au tupa alama ya juu kabisa na ya chini kabisa. Zote zinafaa, mpaka ujiulize: vipi kama yule wa tatu ndiye pekee aliyeinama chini ya meza akaona kiungio kilichochomelewa vibaya, kimeanza kupasuka? Ukimsawazisha, umelifuta jicho pekee lililofanya kazi siku ile. Namba 4 peke yake haisemi kama ni ya chuki, ya uvivu au ya ufa.

Kisa ninachokirudia kila ubishi huu unapozuka ni cha John Harrison. Sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1714 iliahidi pauni 20,000 kwa njia ya kujua longitudo baharini, yaani chombo kiko umbali gani mashariki au magharibi, kwa usahihi wa nusu digrii, ikaongeza kwamba njia hiyo ijaribiwe na kuonekana inatekelezeka na ina manufaa baharini. Nusu digrii ni kipimo. "Inatekelezeka na ina manufaa" ni jicho. Harrison, seremala aliyejifundisha mwenyewe kuunda saa, alituma saa yake ya nne Jamaica katika safari iliyoanza mwaka 1761, kisha Barbados mwaka 1764, na mara zote mbili longitudo iliyopatikana kwa kulinganisha saa hiyo na saa za mahali ikawa ndani ya nusu digrii. Bodi iliyosimamia zawadi haikumlipa yote. Ilisema saa moja nzuri inaweza kuwa bahati: afichue ndani mna nini, na mafundi wengine waweze kuiiga. Mwaka 1765 Nevil Maskelyne, aliyeipigania njia nyingine, ile ya kupima umbali kati ya mwezi na nyota, aliingia kwenye Bodi kwa cheo chake cha Mwanafalaki wa Mfalme, na saa ikapelekwa kwake Greenwich ipimwe. Kesi ya panya, hakimu paka. Ripoti yake haikuisifu saa. Malipo ya mwisho Harrison aliyapata mwaka 1773, kwa uamuzi wa Bunge, akiwa na umri wa miaka 80.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama cha fundi mnyonge na mabwana wakubwa. Mimi nadhani Bodi ilikuwa na swali la haki kabisa. Usanifu ambao hakuna mwingine anayeweza kuurudia unabaki kuwa kipaji cha mtu mmoja. Nakala ya saa hiyo iliyoundwa na fundi Larcum Kendall ilisafiri na nahodha James Cook kati ya 1772 na 1775 na ikafanya kazi vizuri. Swali lilikuwa zuri, na jibu likawa ndiyo. Kosa lilikuwa kwingine. Swali halikuandikwa waziwazi tangu mwanzo, likapata maana yake baada ya mshindani kuwa amekwisha timiza kipimo, na aliyeshika kalamu ya majibu alikuwa na njia yake mwenyewe ya kutetea.

Kwa hiyo ninachokipigania si fomu yenye vigezo vingi zaidi. Ni sentensi tatu. Kila jaji, kwa kila timu, aandike kipi kilimshawishi, kipi hakikumshawishi, na swali gani timu ilishindwa kulijibu. Majaji wenzake wazisome kabla alama hazijajumlishwa. Timu ipewe sentensi hizo matokeo yakishatangazwa. Yule wa alama 4 angeandika "kiungio cha kushoto kina ufa", na wenzake wangerudi mezani kuangalia. Au angeandika "sikuvutiwa", na wote wangejua la kufanya na 4 yake. Vigezo na uzito wake vitangazwe mapema, hilo sidhani lina ubishi mkubwa: mwenye kusema vikifichwa timu hazitajenga mashine kwa ajili ya kuiridhisha fomu, anasahau kidogo kwamba wenye jamaa kwenye kamati huvijua hata vikifichwa.

Waandaaji wana majibu, na si ya kupuuza. Majaji hujitolea. Timu 40 kwa dakika 10 kila moja ni karibu saa saba. Ongeza dakika tano za kuandika, umeongeza zaidi ya saa tatu. Maandishi pia hufungua mlango wa rufaa. Na jaji anayejua maneno yake yatasomwa huanza kuandika uji: "kazi nzuri, endeleeni". Hili la mwisho ndilo linalonisumbua, maana nimeliona. Rufaa hazinitishi sana. Uamuzi usiostahimili rufaa haukustahili kutangazwa. Muda unaweza kupatikana kwa kuanza na kipimo asubuhi cha kuchuja timu, ili majaji wakae na timu chache kwa muda mrefu.

Hapa napingana na nafsi yangu kidogo. Machi 2004 DARPA, wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, iliweka dola milioni moja kwa gari lisilo na dereva litakalovuka takriban kilomita 240 za jangwa la Mojave. Lililofika mbali zaidi lilikwama kabla ya kilomita 12. Kwa mchujo wangu wa asubuhi, wote wangekuwa nyumbani kabla ya chakula cha mchana. DARPA haikumpa mtu zawadi. Ikarudia mwaka 2005 kwa dola milioni mbili, na magari matano yakaimaliza njia ya kilomita 212, Stanley la Chuo Kikuu cha Stanford likishika nafasi ya kwanza. Waliokwama mara ya kwanza walijua walipokwama, kwa sababu jangwa liliwaonyesha. Kwenye ukumbi wenye meza na mabango hakuna jangwa. Sababu wanazo majaji, nao huondoka nazo.

Basi timu inayochujwa asubuhi nayo ipate dakika zake tano na jaji mmoja, hata kama hesabu yangu ya muda inaharibika tena. Sina namna ya kuziokoa saa zote hizo.

Mara ya mwisho nilipokuwa jaji, kijana mmoja alinifuata viti vikikusanywa, akaniuliza kwa adabu kwa nini timu yao ilipata 6 kwenye "uwezekano wa kutekelezwa". Fomu alikuwa nayo, mwandiko ulikuwa wangu. Niliitazama ile 6, nikaitazama mashine yao iliyokwishafungwa kwenye boksi, nikamwambia walikuwa karibu sana.