Huku chama kinanibembeleza, huko kilikata tu

Natoka zamu ya usiku, miguu imevimba, baridi ya Köln, Ujerumani, ya mwezi wa tatu inang'ata hadi mifupa, nafika kituoni hakuna tramu. Karatasi imebandikwa: mgomo wa onyo. Nikatukana kwa Kihehe, maana Kijerumani changu cha matusi bado kichanga, nikaanza kupiga mguu.

Njiani nikakumbuka kwamba mgomo wenyewe ni wangu pia. Hospitali yetu ni ya jiji, na sisi wauguzi na madereva wale tuko chama kimoja cha wafanyakazi, ver.di. Mwaka huo, 2025, kilidai nyongeza ya asilimia 8. Kikapata 3 kuanzia mwezi wa nne, na 2.8 ya kusubiri hadi mwezi wa tano 2026. Wodini watu walinuna, wakasema wamepigwa bei. Mimi nilikuwa nawaza jambo jingine kabisa: slipu ya mshahara.

Kujiunga na chama huku ni kama kuchumbiwa. Mama mmoja mwakilishi wa wafanyakazi alikuwa akija chumba cha chai na fomu zake, anakaa, anaeleza: ada ni asilimia 1 ya mshahara, ukigombana na mwajiri unapewa mwanasheria, siku za mgomo mwajiri halipi lakini mfuko wa chama unakufidia. Nikamuuliza, nikikataa? Akainua mabega. Nyongeza utaipata tu, akasema, mwajiri huwa anawapa wote. Kisha akaja tena wiki nyingine na biskuti.

Kubembelezwa na chama cha wafanyakazi! Mimi niliyepokea mshahara wangu wa kwanza wa halmashauri, nyumbani Tanzania, nikakuta asilimia 2 imeshaondoka kabla sijajua hata ofisi ya chama iko upande gani. Afisa utumishi alinijibu kwa upole kabisa: "Dada, hiyo ni kawaida, wote wanakatwa." Nilichokiona kwa pesa ile ni fulana na kofia ya Mei Mosi, na kusimama juani kuimba mshikamano daima tukisubiri mgeni rasmi aseme neno.

Sikatai kwamba makato yana hoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu chama chenye wanachama wengi kazini kukubaliana na mwajiri ili hata asiye mwanachama akatwe, kwa sababu naye anafaidi kinachopiganiwa. Ni haki. Huku wanalia kwa kukosa jambo hilohilo: wafanyakazi wenye kadi hawafiki hata mmoja kati ya watano, wengine wanadandia. Lakini mwenye kupiganiwa lazima aone kimepiganiwa nini! Chama ambacho pesa yake inaingia kila mwisho wa mwezi, upende usipende, kitakuja chumba cha chai kufanya nini?

Sasa nawasikia. "Umekula mkate wa Wazungu miaka miwili mitatu unatudharau." "Wenzetu matajiri, uchumi wetu haubebi migomo." Hilo la utajiri ndilo linaloniudhi zaidi. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma 1947, chini ya mkoloni, na mishahara ikapanda. Walikuwa matajiri wale? Kawawa mwenyewe alitokea kwenye vyama vya wafanyakazi kabla ya kuwa Waziri Mkuu. Kilichotokea ni 1964: baada ya maasi ya jeshi viongozi wa vyama wakawekwa ndani, shirikisho lao likavunjwa, ikaletwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote chini ya serikali, na katibu mkuu wake akawa waziri wa kazi huyohuyo. Mtu mmoja, pande zote mbili za meza. Baadaye JUWATA, jumuiya ya chama tawala. Vyama vya leo kwa sheria viko huru, ila ile tabia ya kusubiri jukwaani haijatutoka. 2022 tulipiga makofi kwa nyongeza ya asilimia 23.3, slipu za Julai zikatufundisha hesabu: ilikuwa ya kima cha chini tu. 2025 kima cha chini cha serikali kimetoka 370,000 hadi 500,000, na nimefurahi kwa dhati, mdogo wangu amepumua. Nani alikaa mezani kukidai? Na waliojaribu kudai kwa nguvu, madaktari waliogoma 2012, nikitaja Mabwepande, msitu alikotupwa kiongozi wao baada ya kutekwa na kupigwa, inatosha.

Msidhani huku ni peponi. Wasafishaji wa wodi yetu wameajiriwa na kampuni ya pembeni, mshahara wao mwingine, na mgomo wetu hauwagusi. Wengi ni wageni kama mimi. Mgonjwa aliyeahirishiwa upasuaji naye hana wa kumlipa fidia, ingawa chama na hospitali huandikiana kwanza nani abaki zamu kwa dharura. Na migomo mingine inachosha kwelikweli.

Ila mwaka 2022 wauguzi wa hospitali sita za vyuo vikuu za jimbo hili, Köln ikiwemo, waligoma wiki kama kumi na moja, na dai kuu halikuwa hela. Walitaka watu. Wakapata mkataba: zamu zikiwa pungufu mara kadhaa, unalipwa siku ya mapumziko. Mimi niliyewahi kubaki peke yangu usiku na wodi nzima ya wazazi, wengine wamelala wawili kitanda kimoja, nilisoma habari ile nikaweka simu chini. Na mnaosema vyama vinaua viwanda, mwishoni mwa 2024 ni chama kilichokaa na Volkswagen na kukubali wafanyakazi wakose nyongeza na ajira zaidi ya 35,000 zipungue taratibu hadi 2030, ili viwanda visifungwe.

Shemeji ameniandikia kwamba kama najua sana, nirudi nigombee uongozi wa chama. Shemeji, fungua slipu yako ya mwezi huu, angalia mstari wa makato, halafu niambie katibu wa tawi lako anaitwa nani.