Usanifu wa Mifumo: Kijana wa Malindi Aanzie Wapi?

Wahitimu wa kompyuta wanaotoka Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi na kurudi Malindi huja na swali moja: nifanye nini ili siku moja niwe msanifu wa mifumo ya taasisi, yule anayeketi na wakurugenzi kuamua mfumo upi ununuliwe, upi uunganishwe na upi uzimwe? Majibu wanayopewa ni mawili. Wapo wasemao, kafanye mtihani wa TOGAF, ule mwongozo wa kimataifa wa usanifu wa mifumo, upate cheti, kisha panda basi uende Nairobi. Wengine husema, achana na vyeti, shika kazi yoyote ya TEHAMA hapa hapa, mengine yatakuja. Pande zote mbili zina hoja, ila hoja zenyewe hazilingani uzito.

Nianze na wenye cheti. Fani hii haikuzaliwa kwenye biashara ndogo. John Zachman, mmoja wa waasisi wake, alipochapisha makala yake katika jarida la kampuni ya kompyuta ya IBM mwaka 1987, alikuwa akifikiria mashirika ambayo mifumo yake imepanuka na kutawanyika kiasi cha kuhitaji ramani. TOGAF nayo, iliyotolewa mara ya kwanza na The Open Group, muungano unaoweka viwango vya teknolojia, mwaka 1995, ilijengwa juu ya kazi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Mwaka uliofuata sheria ya nchi hiyo ikamkabidhi mkuu wa teknolojia wa kila wizara jukumu la usanifu wa mifumo yake. Basi lugha ya fani ni lugha ya taasisi kubwa, na benki au kampuni ya simu inapotafuta msanifu, cheti huwa miongoni mwa vitu vya kwanza inavyoangalia. Kijana wa Malindi asiye na mjomba ofisini humo anahitaji kitu cha kumtetea kwenye karatasi. Hilo silibezi.

Tatizo ni kwamba mtihani wa ngazi ya kwanza ni maswali 40 ya kuchagua jibu. Mwenye kichwa chepesi atakesha, atakariri hatua zote, na atapasi bila kuwahi kuona mifumo miwili ikigombana. Ukimkabidhi taasisi, atakuchorea michoro mizuri sana.

Chukua hoteli ya kawaida ya ufukweni hapa Malindi. Mapokezi wana mfumo wao wa vyumba, baa ina mashine yake ya mauzo, mhasibu ana programu yake, na wakala wa Italia hutuma orodha ya wageni kwa baruapepe, jina la ukoo likitangulia. Tangu Januari 2024, ankara isiyopitia eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi KRA, haimfai mfanyabiashara anayetaka gharama zake zikubaliwe kwenye kodi, kwa hiyo mfumo mwingine tena umeongezeka. Sasa mgeni wa chumba namba 14 analalamikia kiyoyozi, anahamishiwa namba 22 mchana. Mapokezi wamebadilisha. Baa haina habari, kwa kuwa mashine yake hupokea orodha ya wageni mara moja tu, alfajiri. Jioni mgeni anaagiza pweza na vinywaji, anataja 22, na bili inamwendea mtu aliyelala humo jana, ambaye saa hizo yuko angani kurudi kwao.

Fundi wa kompyuta akiitwa, kishawishi ni kurekebisha bili ile moja na kwenda zake. Mwenye jicho la msanifu huanza kuuliza. Ni mfumo upi wenye neno la mwisho kuhusu mgeni yuko wapi? Mingine ipate habari hiyo baada ya dakika ngapi? Ankara ya kodi itolewe na baa au na mapokezi, isije ikatoka mara mbili? Benki yenye matawi mia ina maswali haya haya, ila huko yametawanyika katika idara ambazo mgeni wa kazi hataziona kwa miaka. Hapa unatembea kutoka baa hadi mapokezi na umeyaona yote.

Hospitali ni shule kubwa zaidi. SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya umma, ilipochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, wanachama walitakiwa kujisajili upya na madai ya malipo yakahamia mfumo mpya. Hospitali za umma ziko chini ya kaunti, bima iko chini ya serikali kuu, na karani wa mapokezi yuko katikati. Aliyekuwa ofisi ya kumbukumbu za wagonjwa wakati huo aliona jinsi uamuzi mmoja wa juu unavyoshuka hadi kwenye foleni ya dirishani.

Hata hivyo, wanaosema "kazi tu inatosha" huficha jambo. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Mtu wa TEHAMA katika mji wetu hubadilisha wino wa printa, hupanda ngazi kurekebisha kamera, hutafuta nywila ya meneja. Mwezi Mei hoteli nyingi hufungwa, na yeye hurudi nyumbani na wapishi. Mfumo mpya ukinunuliwa, mwenye mali ameshauchagua akiwa Ulaya. Malindi ina mazoea ya kuwa jirani wa teknolojia ya wengine: setilaiti ya Uhuru ilirushwa Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa mji wetu, kwa kazi ya Waitaliano na Wamarekani. Ukikaa miaka kumi namna hiyo, umepata mwaka mmoja wa ujuzi uliorudiwa mara kumi.

Kwa hiyo nasema kazi kwanza, lakini si kazi yoyote. Tafuta ile inayogusa mahali mifumo inapokutana: malipo, kumbukumbu za wagonjwa, ukusanyaji wa ushuru wa kaunti. Andika kila kitu: taarifa gani inatoka wapi, nani huiandika upya kwa mkono, inakosewa wapi. Waraka wa TOGAF unasomeka mtandaoni bila malipo. Usome usiku ukiulinganisha na ulichokiona mchana. Mtihani, unaogharimu mamia ya dola, ungoje mwaka wa pili au wa tatu, ukiwa na mshahara na mifano yako mwenyewe. Na Nairobi utaenda, hilo sikufichi, kwa sababu taasisi zenye cheo cha msanifu ziko huko. Ila kwenye usaili utakuwa na mchoro wa mfumo unaoujua ndani nje, na makosa yake.

Waajiri wa hapa nao wangewapunguzia vijana safari hiyo kwa jambo lisilo na gharama: kumwita mtu wao wa TEHAMA kwenye kikao kabla hawajatia sahihi mkataba wa mfumo mpya. Kwa sasa wengi humwita siku unapogoma.